Namna Tulivyong'oa Mbegu ya Lubondja

Juzi vijana watatu walinijia hapa kwangu, mjini Baraka, na pikipiki mbili na zile simu pana za kuandikia. Waliniamkia vizuri, wakakaa, wakaniuliza: "Mzee Abwe, zamani jamii ilikuwa inakabiliana namna gani na mabadiliko ya tabianchi? Na tufanyeje ili njia zake zifike vijiji vingi?"

Nikawaambia nitajibu, lakini kwanza kila mmoja aniletee kipande cha mti wa muhogo kinachofaa kupandwa. Nyuma ya jiko kulikuwa na mzigo wa miti niliyonunua sokoni. Wa kwanza akaleta ncha ya kijani, laini kama mboga. Wa pili akaleta shina la chini kabisa, kuni tupu. Wa tatu alikuwa na akili kuliko wenzake: alisema hilo si somo lake. Nikawapa maji, wakanywa, wakaenda zao.

Wanangu, niliwafukuza kwa adabu, lakini niliwafukuza. Hasira ile haikuwa juu yenu. Swali lenu nilishawahi kulijibu mara moja katika maisha yangu, nikalijibu vibaya, na walioumia walikuwa wengine. Naandika sasa jibu la pili, kwenu na kwa wote mnaopita vijijini na miradi.

Kipande chema kinatoka katikati ya mti, mti uliokaa shambani mwaka mzima au zaidi. Unene wake uwe wa kidole gumba, macho yake matano au sita. Ukiukata, utomvu mweupe utoke upesi. Usipotoka, mti umekufa, usimpe mtu. Na kabla ya kukata, tazama majani. Yakijikunja na kuwa na madoa ya manjano, mti huo ni mgonjwa, na kila kipande chake kitazaa mgonjwa. Hayo nilifundishwa shuleni. Mengine yote nilifundishwa na mwanamke wa Lubondja asiyejua kusoma.

Nilikuwa moniteri, yaani mwalimu wa wakulima, wa serikali. Nilipopanda milimani, kijijini Lubondja, mara ya kwanza nilikuwa na viatu vya mpira, majivuno, na kamba ya kunyooshea mistari. Kamba ile nilifundishwa kuiheshimu kama rozari: mita moja, mita moja, mbegu ya aina moja, mstari mnyoofu mpaka mwisho wa shamba. Shamba la kwanza nililoonyeshwa lilikuwa la Mama Atosha, mwanamke mfupi mwenye sauti nene, aliyewaongoza bamama wenzake katika kulima kwa kusaidiana. Miti ilikuwa imechanganyikana ovyo, mirefu na mifupi, yenye mashina mekundu na yenye mashina ya kijivu, mingine ya mwaka ule, mingine ya mwaka juzi.

Nikamwambia mbele ya watu: "Mama, shamba lako liko kama kichwa cha muntu ametoka ku hospitali."

Hakukasirika. Aling'oa muhogo mmoja, akaumenya, akanikatia kipande. "Kula, Moniteri. Umetembea sana."

Nikauma. Uchungu ulinishika ulimi, ukapanda mpaka masikioni.

"Tema! Tema, Moniteri!" Bamama walicheka mpaka wakakaa chini. Nikasukutua kwa maji ya kibuyu, naye akanisubiri nimalize, kama mwalimu anavyomsubiri mwanafunzi aliyechelewa.

"Hii tunaita Ngojea," akasema. "Ngurube wa pori anaikataa, mwizi anaikataa. Inakaa mu udongo miaka mbili, haioze. Unachimba, unalobeka mu maji siku tatu, unaanika, unatwanga. Njo inakuwa bugali."

"Na hii ya karibu na nyumba?"

"Ile ni Nyamaza-Mutoto. Iko tamu, inakomaa mbio. Ile ni ya njaa ya leo. Ngojea ni ya njaa yenye haiyafika."

Ilikuwapo na aina ya tatu, iliyovumilia unyevu ng'ambo ya kijito. Haikuwa na jina. Waliiita tu ile ya ng'ambo.

Siku hizo hakuna aliyesema tabianchi. Bamama walisema mvua imejifunza uongo. Zamani mvua ya mwezi wa tisa ilikuwa kama mtu wa heshima, ikisema inakuja, inakuja. Sasa ilikuwa inakuja siku mbili, watu wanapanda, halafu inaondoka mwezi mzima na kila kitu kinakauka. Mwezi wa kumi na moja inarudi na hasira, inabeba udongo wa mlimani mpaka ziwani. Dawa yao ilikuwa hii: kwa mvua ya kwanza unapanda nusu tu. Nusu nyingine unaisimamisha kivulini, chini ya migomba, mashina yamefukiwa kidogo, mpaka mvua iape.

Na lilikuwapo jambo kubwa kuliko hayo. Kila nyumba ilipeleka sehemu ya miti yake ikapandwe kwa nyumba nyingine, upande mwingine wa mlima. Mlima ukiporomoka huku, mbegu iko kule. Wenye bunduki wakipita kule, mbegu iko huku. "Mbegu hailalake mu nyumba moya," alinieleza Mama Atosha, akishangaa kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa. Hakukuwa na karatasi wala mwenyekiti. Ungemuuliza mwanamke yeyote miti ya nani imelala kwa nani, angekutajia mlima mzima huku anamenya maharage.

Niliiweka kamba yangu mfukoni. Sikuitoa tena Lubondja, ila sikuitupa. Kwa hilo tu mngekwisha kujua mimi ni mtu gani.

Vita ya kwanza ilipofika Baraka nilikimbia na mke wangu na watoto wetu wanne, tukapanda Lubondja, na Mama Atosha akatupokea bila kuuliza tutakaa siku ngapi. Baadaye wenye bunduki wakapanda nao. Kijiji kizima kikaingia porini juu ya mashamba, hata Koko, mama mzazi wa Mama Atosha, kikongwe aliyekuwa hasikii vizuri na aliyesema kwa sauti kubwa mahali pa kunong'ona. "Bale bajinga bamekwenda?" alikuwa akiuliza, nasi wote tunamfunika na vitenge, huku tunatetemeka na huku tunacheka.

Wale watu walimaliza Nyamaza-Mutoto kwa siku chache. Kisha wakang'oa Ngojea, wakaichemsha harakaharaka bila kuiloweka, wakala. Kesho yake tuliwasikia kutoka juu wakitapika nyuma ya kanisa. Walisema kijiji kina uchawi, wakaondoka. Tuliposhuka tulikuta mbuzi hakuna, kuku hakuna, milango imefanywa kuni, lakini Ngojea iko udongoni kama tulivyoiacha. Watoto wangu walikula bugali ya Ngojea miezi mingi. Mdogo wao alinenepa, mu vita.

Kumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Vita ile ilipotulia, shirika moja lilifungua biro, yaani ofisi, Baraka, nami nikapata kazi huko. Mkubwa wetu tulimwita Direkta. Alikuwa mtu wa haraka, mgeni wa sehemu zetu, na sitamsingizia ubaya: alitaka kweli watu wapate chakula. Niliandika ripoti ya kurasa saba juu ya Lubondja. Aliisoma akiwa amesimama.

"Moniteri, hii ni dhahabu," akasema. "Kijiji kimoja ni kidogo. Tunapanua. Vijiji makumi mbili."

Nilitoka bironi nikitembea kama bwana arusi.

Sasa sikilizeni jinsi jambo linavyopanuliwa bironi. Aina tatu ni nyingi kwa somo la siku mbili, basi iwe moja. Ile chungu itaogopesha watu, basi iwe ile tamu inayokomaa upesi. Kulalisha mbegu kwa jirani hakupimiki, basi liwe shamba moja kubwa la kuzalisha miti, kwenye tambarare, kando ya barabara, gari la wageni wanaotoa fedha lifike. Pakasimamishwa kibao cha rangi ya buluu. Pakaundwa komite, na kwa kuwa wa komite lazima ajue kuandika, Mama Atosha akaitwa mshauri. Hakuna siku aliyoombwa shauri. Kila badiliko niliona ni kosa, na kila badiliko nililiandika kwa mkono wangu, kwa maandishi mazuri.

Kisha majani ya Lubondja, katika mashamba mawili matatu, yakaanza kujikunja. Ugonjwa ule ulikuwa unapita nchi nzima wakati huo. Direkta akasema Lubondja ni kijiji cha mfano, hakiwezi kuonyeshwa kikiwa na ugonjwa. Ing'olewe miti yote, aina zote, migonjwa na mizima, halafu tutaleta mbegu safi kutoka shamba la tambarare. Kila nyumba itakayong'oa ipewe jembe na turubai.

Mimi nilijua, kama ninavyojua jina la mama yangu, kwamba unang'oa mti mgonjwa na kuacha mzima. Je, nilimwambia? Nilimwambia nusu.

"Direkta, pengine tungengoja kidogo."

"Kungoja nini?"

Nikafunga daftari langu. Kwa kweli niliogopa kurudi kuwa moniteri wa serikali, mwenye cheo na asiye na mshahara. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeitafutia sababu nzuri zaidi miaka mingi, sijaipata.

Nikapanda Lubondja kuwaeleza. Mama Atosha alisikiliza mpaka mwisho.

"Yote?"

"Yote, Mama. Kisha tunawaletea mingine, safi."

"Wakati gani?"

"Mvua ya mwezi wa tisa."

"Ile yenye kusema uongo?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Yeye hakucheka.

"Moniteri, we ulikula ile mihogo. Batoto bako balikula. Leo unakuya kuniambia niing'oe?"

"Ninakupa neno langu."

Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa. "Haya. Kama iko neno lako."

Waling'oa kwa majuma mawili, pande zote za mlima, hata miti iliyolala kwa jirani. Mimi nilipita kati ya bamama nikihesabu mashamba yaliyo wazi, nikiwapongeza.

Siku wageni walipokuja kutazama kijiji cha mfano, nilitangulia kidogo kuhakikisha hakuna aibu. Ng'ambo ya kijito, nyuma ya matete, nikakuta miti kama arobaini ya Ngojea. Majani yake yalikuwa mapana na mazima, hata moja halijajikunja. Mama Atosha alikuwa amesimama katikati yake na jembe mkononi.

"Pita tu, Moniteri," akaniambia polepole. "Sema haukuona. Iko kidogo. Haiumize muntu."

Nyuma yangu nilisikia viatu vya wageni vikishuka. Direkta akaita: "Huko kuna nini?"

Ningesema matete. Neno moja lingetosha, na wasingeshuka zaidi, kwa kuwa kulikuwa na matope. Nikasema: "Kumebaki kidogo hapa, tunamalizia." Nikachukua jembe mikononi mwake, nikaanza kung'oa mwenyewe. Hakunizuia. Alisogea pembeni, kama unavyompisha mtu aliyebeba maiti. Wageni walipiga picha. Baadaye nilionyeshwa picha ile. Ninatabasamu, na yeye hayumo.

Mvua ya mwezi wa tisa ilidanganya. Ile ya mwezi wa kumi na moja ilikuja yote kwa mara moja, mto ukavunja kingo, na shamba letu la tambarare likasimama ndani ya maji siku sita. Muhogo hauogelei. Mizizi ilioza, mashina yakawa meusi, na harufu ilitufikia sokoni. Bamama wa Lubondja wangetuambia, kama tungewauliza, kwamba pale chini hapapandwi kitu unachokitegemea. Tuliokoa mizigo michache, tukapanda upya mahali pa juu, tukawatumia Lubondja habari kwamba wangoje mwaka mwingine. Waliishi mwaka ule kwa mahindi na maharage, vitu ambavyo huwezi kuvificha udongoni.

Kabla mwaka haujaisha, vita ya pili ikafika. Shirika lilifunga biro kwa mchana mmoja. Wenye bunduki waliweka kambi kando ya barabara, wakachemshia chai kwa miti yetu, na kibao cha buluu wakakifanya mlango wa choo. Kati ya vile vijiji ishirini, mradi ulifika kimoja tu, Lubondja; kumi na tisa hatukuwahi kuwang'olea hata mti mmoja. Hao walibaki na mihogo yao ya zamani. Walipona kwa sababu hatukuwafikia.

Watu wa Lubondja wakaingia porini kama mara ya kwanza. Lakini safari hii, waliposhuka kwa siri kutafuta chakula, udongo ulikuwa mtupu. Kwa Ngojea wangekaa kule miezi. Walikaa siku kumi, kisha wakaanza kutembea kuelekea Kazimia, ziwani, kutafuta mitumbwi ya kuwavusha mpaka Tanzania.

Mimi nilikuwa nimefika Kazimia na familia yangu siku chache mbele yao. Mitumbwi ilikuwa michache, watu walikuwa wamejaa ufukweni kati ya meza za kuanikia dagaa. Nikamwona Mama Atosha anakuja na mzigo mgongoni. Nilifikiri ni nguo. Alipoinama kuuteremsha nikaona ni Koko.

Koko hakupigwa risasi. Alitembea na tumbo tupu mpaka miguu ikakataa, halafu akabebwa, na alipofika kwenye maji alikuwa anapumua kwa shida. Tulimletea uji wa kuomba kwa wavuvi, ukatoka nje ya mdomo. Alikufa asubuhi, watu wakigombania nafasi ya mtumbwi hatua chache kutoka kichwani pake.

Nikamsogelea Mama Atosha. Nikasema pole. Nikaanza na mengine, kwamba nilitaka kusema siku ile, kwamba Direkta, kwamba mto. Akanikata.

"We unajua kuchimba," akasema. "Chimba."

Akanisukumia jembe. Lilikuwa la mradi. Nikachimba nyuma ya meza za dagaa, mahali ambapo mchanga unaanza kuwa udongo. Wanaume wawili walitaka kunisaidia, akawakataza kwa mkono. Alisimama pale mpaka nikamaliza, akamshusha mama yake, akaomba kidogo kwa Kibembe, akafukia mwenyewe. Mchana alipata nafasi, akavuka. Hakuniaga, na sikustahili kuagwa.

Mnaniuliza juu ya kupanua. Nitawaambia niliyoyaona nikiwa sina kazi tena.

Vita vilipokwisha, watu wakarudi polepole kutoka ng'ambo. Mama Atosha alirudi na miti ya muhogo imeviringishwa kwenye kitenge chenye maji. Ilikuwa michungu, ameipata kwa wakulima wa kule. Haikuwa Ngojea. Ngojea haiko tena popote ninapopajua, na nimeitafuta. Lakini ilikaa udongoni, na hilo ndilo alilolitaka. Aliita bamama saba wa milima saba, akampa kila mmoja vipande vitano. Sharti lilikuwa moja: baada ya mwaka kila mmoja atawapa wengine wawili, na hao wawili wawe wa mlima ambao si wake. Hapakuwa na semina wala kofia zenye maandishi. Miti ilisafiri juu ya vichwa vya wanawake, chini ya kuni, ndani ya vikapu vya makopa ya muhogo. Siku moja nilikuwa nafanya safari ya Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, nikaona shamba dogo nyuma ya kibanda cha mama anayewapikia wachimbaji. Nikayajua majani. Nikamuuliza mbegu imetoka wapi. "Kwa dada yangu," akasema. Na yeye? "Kwa shemeji." Hakumjua Mama Atosha kwa jina.

Imefika vijiji vingapi? Sijui. Hakuna anayejua, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kuikusanya na kuipanda mahali pamoja.

Nilipanda Lubondja mara moja baada ya hapo. Mama Atosha aliniletea kiti, akaniletea maji, akauliza habari za mke wangu na za kila mtoto kwa jina lake. Tulikaa. Mwishoni nikajikaza, nikaomba vipande vitano vya kiwanja changu.

"Ile miti iko na benyewe, Moniteri," akajibu, kwa upole kabisa. "Si yangu ya kutoa."

Akanisindikiza mpaka kijitoni, kama desturi inavyotaka, akarudi. Nilivuka peke yangu.

Mke wangu ananunua unga sokoni mpaka leo, na muuzaji mmoja aliwahi kumwambia kwamba kuna muhogo mzuri mchungu unaopitishwa huko milimani, kwa nini hatuombi? Mke wangu alisema tutaomba. Anajua.

Basi, wanangu, nendeni Lubondja. Nendeni kwa miguu, pikipiki mziache chini. Kamba msiibebe kabisa. Mkipewa muhogo mbichi, kwanza muulize ni wa aina gani. Kaeni siku nyingi kabla ya kuuliza, na mkiambiwa miti ya nani imelala kwa nani, hilo msiliandike popote. Wakiwaomba kitu, kileteni kile kile walichoomba, kwa kiasi kile kile, halafu mwondoke njiani mwao.

Na mkiulizwa ni nani aliyewaelekeza, msitaje jina langu. Mkilitaja, wataleta viti, wataleta maji, watawaulizia habari za nyumbani, na mtashuka jioni bila kuonyeshwa shamba hata moja.